Afe Kwanza, Kisha Aje

Bi Kuluthum binti Shariff hakuwa mwalimu wala karani, na hakuna gazeti lililowahi kuchapa jina lake. Lakini pale Bondeni, mjini Nakuru, miaka ile ya hamsini, mwanamke akitaka kujua kama kitabu fulani cha mapenzi kinafaa kusikilizwa, aliuliza kwanza, "Kuluthum amesemaje?" Na Kuluthum daima alikuwa amekwisha sema, kwa kuwa kunyamaza hakukuwa miongoni mwa vipaji alivyojaliwa na Mola.

Baba yake, Mzee Shariff, alikuwa mpishi katika shamba la Mzungu mmoja kule Subukia, na Kuluthum alikulia nyuma ya jiko. Bibi wa shamba hilo, Bi Peterson, alikuwa na binti mgonjwamgonjwa aliyehitaji mtu wa kukaa naye. Yule mtoto akapenda kucheza mchezo wa shule, yeye akiwa mwalimu na Kuluthum akiwa darasa zima. Mchezo ukaenda hivyo mpaka darasa likawa linasoma upesi kuliko mwalimu, na hapo mchezo ukaisha kwa ugomvi. Kusoma hakukuisha.

Bi Peterson mwenyewe alipenda vitabu vya aina mbili tu. Kwanza ni vile vya zamani, vya mabwana wenye panga na farasi na mabibi wenye magauni mapana kama hema. Pili ni vile vyepesi vya kuchekesha, ambamo wanawake hugombana juu ya pazia la jirani na kabla ya ukurasa wa mwisho kila mtu amekwisha olewa. Kitabu kikichanika jalada, alikipeleka jikoni kikawashie moto. Mzee Shariff aliwasha moto kwa magazeti, na vitabu akampa mwanawe. Alipozeeka akahamia Bondeni, alikuja na godoro, visu vyake, na magunia mawili ya mapenzi ya Kizungu. Hata baada ya mzee kufa, lori la maziwa la lile shamba liliposhuka mjini halikuacha kupitia nyumbani kwa Kuluthum na kumwachia kifurushi. Bi Peterson alikuwa na roho nzuri katika jambo hilo, tuseme ukweli.

Kuluthum aliolewa na Dualeh, dereva wa lori, mtu mwema aliyeshikwa na usingizi mara tu mke wake alipofungua kitabu. Alikufa kwenye mteremko wa Mau wakati wa masika, breki zilipokataa. Kuluthum alirudi kwa kaka yake, mwenye kibanda cha nafaka sokoni, na akakaa eda katika chumba cha nyuma, chini ya uangalizi wa wifi yake Samsam. Majirani walikuja kumliwaza. Wakakaa, wakavuta pumzi, wakasema "Mungu ndiye ajuaye," wakavuta pumzi tena. Siku moja mmoja wao akachoka, akauliza kile kitabu kilicho chini ya mto kinasema nini. Kuluthum naye alikuwa amechoka na huzuni. Akaanza kuwasimulia.

Eda ikaisha, Kuluthum akaoga, akavaa nguo za rangi. Wale wanawake hawakuacha kuja.

Walikuja baada ya sala ya alasiri, kila mtu na kazi yake, maana hakuna aliyetaka kusemwa kwamba anakaa bure. Huyu alichambua mchele, huyu alidarizi kofia, yule alisuka kichwa cha mwenzake. Nekoye, mke wa mchochea moto wa garimoshi, alikuja na mtoto mgongoni na soksi za kushona. Ladan, mjane wa makamo aliyeuza maziwa na ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa nusu ya ndoa za mtaa ule, alikuja na masikio yake tu. Siku hizo za hali ya hatari, serikali ilipokataza kutembea usiku, watu waliingia ndani mapema, kwa hiyo hadithi ilibidi iende mbio ili wanawake wafike kwao jua lingali juu.

Kuluthum alikuwa na namna yake. Alisoma ukurasa kimoyomoyo, akaweka kidole hapo alipofika, akafunga kitabu, kisha akaueleza kwa Kiswahili. Majina ya Kizungu yaliteleza masikioni mwa wasikilizaji, basi akayatupa yote na kuwapa watu vyeo vya pwani alivyovisikia kwa baba yake: bwana mkubwa akawa Liwali, bwana mdogo akawa Mudiri, na mtu mbaya mwenye masharubu, kila kitabu kina wake, akaitwa Mkusanya Kodi. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kitabu kilipokwisha ndipo ilipokuja hukumu. Wanawake wale hawakujua namna nyingine ya kumpima mwanamume anayetaka mke, isipokuwa ile ya posa. Kwa hiyo Liwali wa Kiingereza, aliyekufa zamani kama aliwahi kuishi, aliletwa mbele yao kama mchumba aliyeketi barazani. Watu wake ni akina nani? Kwa nini hakutuma mshenga akaja mwenyewe juu ya farasi, tena kwa dirisha? Mama yake anasemaje?

"Huyo Liwali iko na ng'ombe ama ni hiyo nyumba kubwa tu?" Nekoye angeuliza, hata kitabu kikiwa bado katikati.

"Ana nyumba. Ng'ombe hawakutajwa."

"Basi iko na deni," angesema Nekoye, na mara nyingi, sura mbili mbele, ilidhihirika kwamba Liwali kweli yuko karibu kufilisika.

Mwisho alizungumza Kuluthum mwenyewe, na hapo kila mtu aliweka kazi yake chini. Alikuwa mkali. Kitabu kizuri alikisifu kwa sentensi moja. Kibaya alikichambua mpaka wanawake wakashika mbavu. Maneno yake yalitoka yamekatwa vizuri, mafupi, rahisi kubebwa, na kabla ya magharibi yalikuwa yamefika sokoni na kwenye mabomba ya maji. Alijua hivyo, na alipenda hivyo. Wala simlaumu sana, kwa sababu mjane anayeishi kwa kaka yake hana vitu vingi vya kujivunia.

Kati ya vitabu vyote alivyovihukumu, kilichopigwa vibaya zaidi kilikuwa kile cha Liwali wa Minara. Huyu alikaa katika ngome yenye minara, akampenda binti wa adui yake, na kila alipokutana naye alipiga goti na kusema kwamba binti asipomkubali, jua litazama wala halitamchomozea tena, na yeye atakuwa amekufa kabla ya alfajiri.

"Kila akisema atakufa," alisema Kuluthum siku ya hukumu, "nafungua ukurasa unaofuata, namkuta anakula bata. Mwanamume akikuahidi kifo, mwambie afe kwanza, kisha aje mzungumze."

Wakacheka wote isipokuwa Ladan, ambaye alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kitabu kile kilimwingia. Mara kadhaa baadaye aliomba arudiwe pale pa jua kuzama, na Kuluthum alimrudia, akikunja uso, kama mtu anayempa mtoto sukari kabla ya chakula.

Sasa katika vitabu hivi vya zamani farasi ni wengi kuliko watu, na Kuluthum hakuwa na ujuzi wa farasi. Katika kitabu kimoja kijana alimpandisha mpenzi wake nyuma yake, wakakimbia usiku kucha milimani, na asubuhi binti akashuka akacheza dansa. Jambo hilo lilimkera. Alihisi anadanganywa lakini hakuwa na ushahidi. Basi siku moja, akienda na Samsam kutengeneza mkanda wa mzani wa kaka yake, akamuuliza fundi.

Fundi mwenyewe ni Ishak. Alishona matandiko ya farasi na hatamu katika karakana ndogo kwenye barabara iendayo uwanja wa mashindano, na ngozi zake zilinukia mpaka barabarani. Alikuwa mtu mzima, hajapata kuoa, kwanza kwa sababu ya kumtunza mama mgonjwa, kisha, mama alipofariki, kwa sababu ya kuzoea. Hakuwa mzungumzaji. Kuluthum alipomuuliza kama farasi anaweza kukimbia usiku kucha na watu wawili mgongoni, aliweka chini msharasi wake wa kutobolea ngozi, akafikiri.

"Farasi gani?"

"Mweusi," alisema Kuluthum. Kitabu kilikuwa kimesisitiza sana weusi wake.

"Rangi haibebi mtu, Bi Kuluthum. Mkubwa ama mdogo?"

"Mkubwa. Na kuna milima, na mvua."

"Hafiki. Atatembea kidogo, atasimama. Na huyo wa nyuma, kama hakuzoea, kesho yake hatembei. Atalala kifudifudi."

Samsam aliona aibu. Kuluthum alicheka njia nzima, na jioni ile kile kitabu kilipata hukumu ambayo watu waliikumbuka mwaka mzima.

Tangu hapo maswali hayakukoma. Je, upanga unaweza kukata hatamu kwa pigo moja? Je, farasi humjua bwana wake kwa mluzi baada ya miaka saba? Ishak alijibu kila swali kwa uzito uleule, bila kutabasamu, na asipojua alisema hajui. Safari moja alituma salamu kwamba lile la mluzi amekwenda kuwauliza masaisi, wale watunza farasi wa uwanjani, nao wamesema farasi hukumbuka mkono unaolisha kuliko mdomo unaopiga mluzi. Kuluthum alimwambia Samsam kwamba hilo ndilo neno la maana kuliko yote aliyoyasikia mwaka ule, pamoja na vitabu. Samsam akamtazama kwa pembe ya jicho. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mwenye kukohoa mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba anakohoa.

Alijua lakini. Alianza kuchagua buibui la kuvaa akienda karakana, kana kwamba buibui moja jeusi lina tofauti na jingine. Alianza kufikiri jinsi atakavyojibu akiposwa. Alimtaka yule mtu. Hakumtaka kwa sababu angemtoa nyumbani kwa kaka yake, ingawa hilo nalo lilikuwa na uzito wake. Alimtaka kwa sababu alipomwambia jambo, alilisikiliza mpaka mwisho, na jibu lake halikuwa na pambo. Akaanza kumngoja mshenga.

Mshenga akaja. Ilikuwa baada ya alasiri, wanawake wote wameketi, na Ladan akatokea mlangoni amejitanda mtandio mpya, ametia udi, anatembea polepole. Watu wakajua. Samsam, aliyekuwa na akili zake, akainuka akasema wageni watoke kidogo ukumbini.

"Waache wakae," alisema Ladan. "Hii ni habari ya heri. Wacha kila mtu asikie."

Kama angekuja faragha, asubuhi, na chupa yake ya maziwa, huenda nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini Ladan alitaka hadhira. Akakaa, akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"Fundi Ishak amenituma kwako, Bi Kuluthum, anataka kukuoa. Anasema usipomkubali, jua litazama, wala halitamchomozea tena. Anasema atakuwa amekufa kabla ya alfajiri."

Neno la kwanza lilimpa Kuluthum furaha iliyomfanya asahau mikono yake iko wapi. Neno la mwisho lilimwondolea furaha hiyo yote. Aliyajua maneno yale. Yeye mwenyewe aliyatoa katika Kizungu, kipande kwa kipande, katika chumba kilekile, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyacheka. Habari za kikao chao zilifika kila mahali, basi zilishindwaje kufika karakana? Akaona kwamba Ishak amekuwa akimcheka muda wote, na sasa amemtumia posa ya mzaha, ya kumwonyesha mjane mpenda hadithi kwamba naye anaweza kuposwa kihadithi. Aliumia mpaka masikio yakamwaka moto.

Mwanamwali akiposwa, kunyamaza kwake ni ndiyo. Mjane hana ruhusa hiyo. Sheria inamtaka atamke kwa ulimi wake, na atakalotamka ndilo jibu.

"Wifi," Samsam alimnong'oneza, "sema utafikiri."

Lakini wanawake walikuwa wameweka kazi chini, wanamtazama kama wanavyomtazama siku ya hukumu. Na Kuluthum, mtu akimtazama hivyo, hakuweza kujizuia. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kidole chake kilikuwa ndani ya kiatu na ulimi ulikuwa wazi.

"Mwambie afe kwanza," alisema, "kisha aje tuzungumze."

Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha mtoto wa Nekoye. Ladan peke yake hakucheka. Alijikusanya akaondoka, na udi wake ukabaki chumbani.

Ladan alipofika karakana alisema uongo wa huruma. Alimwambia Ishak kwamba bibi bado anafikiri. Haikusaidia. Neno la Kuluthum lilikuwa limekatwa vizuri mno, jepesi, lenye miguu, na lilimtangulia. Nekoye alimhadithia mume wake. Mume wake aliwahadithia wenzake kwenye behewa. Asubuhi masaisi walioleta hatamu kushonwa waliuliza mlangoni, "Fundi, kumbe bado hujafa?" Ijumaa msikitini, Ishak alipoingia safuni, kijana mmoja mjinga akasema, "Mpisheni marehemu," na watu wazima wakacheka wakiwa na udhu. Ishak hakujibu hata mmoja. Alifunga mlango wa mbele wa karakana, akafanyia kazi uani.

Kuluthum naye alikaa na hasira yake. Alianza kitabu kipya. Katika sura ya pili, farasi alivunjika mguu akapona kwa siku chache, na Kuluthum akageuka kumwambia Samsam kesho watapita kwa fundi, kisha akakumbuka. Akakiweka kitabu. Wanawake walipokuja aliwaambia kichwa kinamuuma, na kesho yake pia kilimuuma.

Ladan alikuja asubuhi moja na maziwa, akakuta Kuluthum yuko peke yake jikoni. Alipewa chai. Wakanywa bila kutazamana, mpaka Kuluthum akashindwa.

"Nilidhani fundi ni mtu wa maana," alisema. "Kumbe ananidhihaki, tena kwa maneno ya Liwali wangu mwenyewe."

Ladan akaweka kikombe chini.

"Nani amekudhihaki?"

"Yeye. Jua litazama. Kabla ya alfajiri. Mimi nisiyajue maneno yale?"

"Hiyo maneno si ya Ishak," alisema Ladan. "Ishak hajui hata kama kuna hiyo kitabu. Ni mimi niliyatia."

Kuluthum akamgeukia, akamtazama usoni.

"Maneno yake ilikuwa kavu, dada yangu. Kavu kabisa. Nikatembea kutoka karakana mpaka mtaani nikijiuliza, huyu mwanamke kila siku anakula halua, mimi nimpelekee ugali bila mboga? Atamkataa. Na mimi naona vile wewe unamtaka, na yeye anakutaka. Nikachukua ile tamu kuliko zote. Mimi ile kitabu nilipenda."

"Alisemaje yeye?"

Ladan alifumba macho ili akumbuke sawasawa, maana sasa aliogopa kuongeza hata herufi.

"Alisema: mwambie Bi Kuluthum nina vyumba viwili nyuma ya karakana, na paa halivuji. Mwambie napenda maswali yake. Akikubali nitafurahi. Akikataa, asiache kuja kuniuliza habari za farasi."

Kuluthum alimwomba ayaseme tena. Ladan akayasema tena. Chai ikapoa.

Alitaka kumkasirikia Ladan na hakuweza, au aliweza kidogo tu. Lililomkata maini ni jingine. Yeye alijua sauti za watu wasiokuwepo. Mwandishi akimtia Mudiri maneno ya Liwali, Kuluthum alimkamata papo hapo na kusema, huyu hawezi kusema hivi. Na huyu mwanamume wa kweli, aliyemwambia kwamba rangi haibebi mtu, ameletwa kwake akizungumza habari za jua kuzama, na Kuluthum hakusema, huyu hawezi kusema hivi. Hakumpa hata ile nafasi aliyowapa watu wa karatasi.

"Mjumbe hauawi," alisema Ladan kwa sauti ndogo. "Lakini ukitaka kunipiga, nipige."

"Wewe ulitaka kumpamba," alisema Kuluthum. "Mimi ndiye niliyemchoma." Na hapo ndipo Ladan alipomweleza habari za masaisi, na za msikitini, na za mlango uliofungwa. Kuluthum hakuwa amezisikia. Hukumu zake zilikwenda mbali, lakini yaliyozipata huko ziendako hayakurudi kwake.

Siku ileile, kabla ya adhuhuri, alimchukua Samsam wakaenda karakana. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kweli. Wakazunguka uani, wakabisha hodi. Ishak alikuwa ameketi juu ya kigogo, tandiko limelala magotini, uzi wa nta kinywani. Akautoa uzi, akasimama, akasema karibuni, akawatafutia viti. Alikuwa amekonda kidogo, au Kuluthum ndiye aliyemwona hivyo.

Hakuzunguka. Alisema kwamba maneno aliyoletewa ni ya kitabu, kwamba Ladan ameungama leo asubuhi, kwamba alidhani anachezewa. Alisema alilolisema lilikuwa baya na limemletea fundi aibu, na amekuja kuomba radhi kwa mdomo uleule.

Ishak alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Yale hayakuwa maneno yangu," alisema.

"Najua sasa."

"Lakini yale yako yalikuwa yako."

"Yalikuwa yangu."

Akaligeuza tandiko, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Samsam alitazama ukuta.

"Habari za farasi uliniuliza zote," alisema Ishak. "Mpaka za mluzi. Hii moja hukuniuliza."

Kuluthum, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu yule mtoto wa Subukia alipomfundisha herufi, alikosa neno. Lilikuwa kweli. Karakana ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, na njia aliijua.

"Ami yangu alikuja kutoka Naivasha," aliendelea Ishak. "Alisikia watu wananiita marehemu. Akasema ukoo wetu hauchekwi sokoni. Amenitafutia huko kwao. Juzi fatiha ya posa imesomwa."

"Binti ameridhika?"

"Ameambiwa, amenyamaza. Sijamwona." Akaliweka tandiko chini. "Siwezi kurudi nyuma, Bi Kuluthum. Mtoto wa watu amekwisha kuambiwa."

"Usirudi," alisema Kuluthum. "Ukirudi nyuma utakuwa mtu mwingine, na mimi sikumtaka mtu mwingine." Alisikia Samsam akishusha pumzi. Hakuwa amepanga kulisema, lakini lilikuwa limetoka, na safari hii hakulijutia. Akamwombea heri, akamwambia Mungu awape maelewano. Ishak akasema amina. Akawasindikiza mpaka barabarani, akaufungua ule mlango wa mbele ili wapite hapo badala ya kuzunguka, na walipokwisha kupita akauacha wazi.

Alasiri wanawake walikuja. Kuluthum hakushika kitabu. Aliwaeleza jambo lote kwa mpangilio wake, bila vyeo, kila mtu kwa jina lake. Alipofika kwa Ladan alisema tu kwamba mshenga alikosea kwa mapenzi, asiguswe. Kisha akawaomba jambo: kama walivyolibeba lile neno la kwanza, walibebe na hili, kwamba fundi hakusema lolote la kuchekwa, na kosa ni la mwanamke.

"Tutasema," alisema Nekoye, ambaye alikuwa amejiinamia.

Nao walisema, kila mmoja, kwa mume wake na bombani na sokoni. Lakini halikufika mbali. Lilikuwa neno refu, lisilo na mzaha, na watu walilisikia wakatikisa kichwa na kuuliza bei ya viazi. Mpaka Ishak alipooa, mwezi wa Rajabu, walikuwepo watu Nakuru waliokuwa wakimwita marehemu bila kujua jina hilo lilitoka wapi.

Kuluthum aliendelea kusoma miaka mingi, na lori la maziwa liliendelea kuleta vifurushi. Hukumu zake zilibaki kali kwa vitabu. Akiulizwa habari ya mtu, alisema hajui, muulizaji akamuulize mwenyewe.

Wala msidhani alikuwa mtu wa chuma. Siku ile, mbele ya Ishak, hakulia, na mbele ya wanawake akisimulia hakulia. Alilia kesho yake, mchana kweupe, akichambua mchele, machozi yakidondokea kwenye ungo bila kujificha. Wenzake wote walikuwepo na kazi zao mikononi, na hakuna aliyemuuliza ni kitabu gani.